Sigara imekatazwa ndani ya ndege, kisahani cha majivu chooni cha nini? Sheria juu ya sheria zinatupeleka wapi

#1 Ngarawa

Habari zenu wakuu.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Dar kwenda Mwanza. Tukiwa juu nikaingia chooni. Mlangoni kuna ile alama ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Chini yake, kwenye mlango huohuo, kuna kijisanduku cha bati cha kuvuta, cha kuzimia sigara na kuwekea majivu. Nikakivuta, kikafunguka vizuri, kipya, kinang'aa. Nilipotoka nikamuuliza mhudumu, akaniambia, "Ni sheria, kaka."

Sheria gani inakataza jambo halafu inakuwekea mahali pa kulifanyia?

Hoja yangu ni hii. Kwenye sekta zinazobanwa sana kama usafiri wa anga, kila ajali inazaa sheria mpya na hakuna anayefuta ya zamani. Zinarundikana, zinagongana, na mwisho zinamuumiza yuleyule abiria zilizotungwa kumlinda. Wajuvi wa ndege karibuni, ila njooni na mifano, si maneno matupu.

#2 Kibanga2014

Uzi mzuri huu. Naweka mkeka hapa, mimi ni wa kusoma tu.

#3 FundiHanga

Ngarawa, mfano uliochagua ndio mbaya kuliko yote. Hicho kisahani kina kazi.

Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya Varig, Boeing 707, safari namba 820 kutoka Rio de Janeiro, ilipata moto ikikaribia kutua Orly, Paris. Moto ulianzia chooni, na inaaminika chanzo ni kipisi cha sigara kilichotupwa kwenye pipa la karatasi za kufutia mikono. Marubani walifanikiwa kuishusha kwenye shamba kabla ya uwanja, lakini moshi ulikuwa umeshaua. Walikufa watu 123, wakapona 11, na kati ya hao 11 abiria alikuwa mmoja tu.

Anayethubutu kuvuta sigara chooni keshavunja sheria. Akisikia mlango unagongwa atafanya nini? Atakitupa kipisi kwenye tundu la kwanza aonalo, na hilo tundu ni pipa la karatasi. Ndiyo maana kisahani lazima kiwepo hata kama hakuna anayeruhusiwa kukitumia. Kikikosekana tunaandika kwenye logi ya ndege kama kasoro, na kina siku zake za kurudishwa. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuagiza kimoja kutoka nje, kikaja na karatasi zake za uthibitisho kama injini vile.

#4 Ngarawa

FundiHanga, asante mkuu. La kisahani nalifuta. Hoja nabaki nayo.

#5 MbebaBoksi

Usiifute haraka Ngarawa, njia uliyopita ni sahihi, umekosea choo tu. Rudi kwenye kiti chako utazame juu, ile taa ya "usivute sigara".

Huku Marekani sigara ilipigwa marufuku kwenye karibu safari zote za ndani mwaka 1990, na mwaka 2000 ikaenea hadi safari za nje. Lakini kanuni za utengenezaji wa ndege ziliendelea kudai taa hiyo iwe na swichi, ili marubani waweze kuiwasha na kuizima. Airbus wakatengeneza ndege ambazo taa hiyo inawaka muda wote, maana ya kuizima haipo tena. Februari 2024 shirika la United likalazimika kusimamisha A321neo zake mpya kwa muda kwa sababu taa haizimiki! Ndege nzima, mamia ya abiria, kisa taa inasema usivute sigara bila kupumzika. Mamlaka ya anga, FAA, ikabidi itoe ruhusa maalumu ndipo ziruke, na baadaye mwaka huohuo ikairekebisha kanuni yenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi ya mizigo uwanjani wakati ule. Sitaji kampuni yangu, ila kila mtu zamu yetu alikuwa anauliza swali moja: nani aliyekuwa anailinda hii kanuni miaka yote hiyo?

#6 Kibanga2014

Hakuna aliyekuwa anailinda, mkuu. Alikuwepo tu aliyeogopa kuifuta. Ukifuta sheria ya usalama leo, kesho ikatokea ajali yoyote, jina lako ndilo litakalosomwa. Ukiiacha, hakuna atakayekuuliza.

(Nimeshindwa kusoma tu.)

#7 BintiPemba

Assalaam aleikum. Nimekuwa mhudumu wa ndege Ghuba kwa miaka tisa, na kwa kuwa tumeanzia chooni nami nitabaki hukohuko.

Mwaka 2011 FAA iliamuru ndege za abiria za Marekani, karibu 6,000, ziondolewe vifaa vya kutengeneza oksijeni vyooni. Sababu ni usalama: waliogopa mtu akijifungia mle anaweza kukitumia kifaa kile kuanzisha moto. Kazi ilifanyika kimyakimya, umma ukaja kuambiwa baadaye. Sasa fikirini abiria yuko chooni, hewa inatoka ghafla ndege ikiwa futi 35,000. Wenzake vitini wanadondokewa na maski. Yeye anadondokewa na nini? Juu huko mtu anaweza kuwa na sekunde 30 hadi 60 tu za akili timamu. Sheria ya kuzuia ugaidi iliikanyaga sheria ya oksijeni, zote za mamlaka moja! Mwaka uliofuata wakaanza utaratibu wa kuvirudisha kwa muundo mwingine.

Kwenye mafunzo hiki ndicho kilichonisumbua kuliko vyote. Mimi ndiye ningepaswa kumkimbilia mtu huyo, na mimi mwenyewe nahitaji maski.

#8 MzeeKiwanja

Binti, umesema jambo la maana sana. Mimi nimestaafu urubani, nimeruka miaka mingi ukanda huu. Nitawaeleza la mlango.

Baada ya Septemba 2001 milango ya chumba cha marubani ikatakiwa iwe ya kuzuia risasi na kufungwa kwa ndani. Nje kuna vibonye vya namba, lakini aliye ndani ana swichi ya kumkatalia aliye nje. Kila mtu alifurahi. Adui tuliyemuwaza alikuwa nje.

Tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya LAM ya Msumbiji, Embraer 190, ilikuwa inatoka Maputo kwenda Luanda. Rubani msaidizi alitoka kwenda msalani. Kapteni akabaki peke yake, akaupanga mtambo uishushe ndege mpaka ardhini. Kinasa sauti kilinasa mtu akigonga mlango. Ikaanguka mbuga ya Bwabwata, Namibia. Watu 33, hakupona hata mmoja. Habari hiyo haikutikisa dunia. Miezi 16 baadaye, tarehe 24 Machi 2015, yakatokea yaleyale kwa ndege ya shirika la Germanwings la Ujerumani kwenye milima ya Alps, Ufaransa, watu 150, na safari hii dunia ikasimama.

Inaniuma hadi leo kwamba onyo tulishalipata hapa Afrika.

#9 Ngarawa

MzeeKiwanja, shikamoo. Baada ya Germanwings si waliweka sheria ya watu wawili humo ndani muda wote?

#10 MzeeKiwanja

Marahaba. Waliweka. Siku tatu tu baada ya ajali, mamlaka ya Ulaya, EASA, ilishauri rubani mmoja akitoka aingie mhudumu. Mwaka 2016 wakalegeza, kila shirika lipime lenyewe, na 2017 mashirika ya Ujerumani yakaiacha. Hoja yao ni kwamba mlango unakaa wazi muda mrefu zaidi, na watu wengi zaidi wanapata nafasi ya kuingia, wakati mlango wenyewe uliwekwa ili watu wasiingie. Kiraka cha sheria ya pili kikatoboa sheria ya kwanza.

#11 BintiPemba

Mzee wangu, hapo tutatofautiana kwa heshima. Nimekaa kwenye kile kiti cha nyuma ya marubani mara nyingi sana. Sijui kurusha ndege, lakini najua kufungua mlango. Aliyekuwa nje kule Namibia alihitaji mtu mmoja tu wa kuufungua. Hizo hesabu za mlango kukaa wazi sekunde ngapi sizikubali.

#12 Zamu118

Niko kwenye kuongoza ndege, sitasema kituo. Mnazungumzia sheria mbili zinazokanyagana kwa miaka. Kuna mahali ziligongana ndani ya dakika moja.

Usiku wa 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani. Tupolev ya Bashkirian imebeba zaidi watoto wa shule kutoka Ufa, Urusi. Upande wa pili Boeing 757 ya mizigo ya DHL. Wote futi 36,000, njia zinakatana. Kila ndege ina mtambo wa kuzuia kugongana, TCAS. Mtambo ukamwambia wa DHL ashuke, na wa Tupolev apande. Lakini mwongoza ndege, aliyekuwa peke yake anahudumia meza mbili, alishamwambia wa Tupolev ashuke. Rubani amtii nani? Vitabu vyao havikusema kwa sauti moja. Akamtii binadamu. Wote wawili wakashuka kukutana. Watu 71.

Kinga mbili, kila moja peke yake ingewaokoa! Zilipokuwa pamoja bila kupangwa nani mkubwa, ndipo zikawaua. Mwaka uliofuata ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa, ikaandika waziwazi: mtambo ukishasema, rubani anafuata mtambo, na sisi tunanyamaza.

#13 FundiHanga

Zamu118 hapo ndipo penyewe. Wingi wa kinga hauna tatizo, tatizo ni kutopanga ipi inatangulia. Ngarawa anachanganya sheria zilizozidi na sheria zisizopangwa. Ndege nyingi kubwa zina mifumo mitatu ya haidroliki (nguvu ya mafuta ya kusukuma mitambo) na hakuna anayelalamika kwamba miwili imezidi.

#14 Ngarawa

FundiHanga, haidroliki ilipangwa na mtu mmoja akiwa ametulia mezani. Sheria zinapangwa na watu kumi tofauti, kila mmoja ana msiba wake mbele yake. Huwezi kulinganisha.

#15 CPL_Wilson

Sasa niseme yangu. Niko Nairobi, nimemaliza mafunzo uwanja wa ndege wa Wilson, leseni ya biashara ninayo, masaa kidogo juu ya 200. Kazi hakuna. Kila mtu anataka mwenye masaa mengi, na masaa hayapatikani bila kazi.

Kule Marekani hii wameifanya sheria. Februari 2009 ndege ya Colgan, safari 3407, ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, mmoja wao alikuwa nyumbani kwake. Bunge likapitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika 2013: rubani msaidizi lazima awe na masaa 1,500, kukiwa na nafuu kwa waliotoka jeshini na waliosomea chuo. Kapteni wa Colgan alikuwa na masaa 3,379. Msaidizi wake alikuwa na 2,244. Wote walikuwa wamepita 1,500 kitambo! Ndege ilipoonya kwamba inakosa mwendo, kapteni alivuta usukani badala ya kuusukuma. Na msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini. Tatizo lilikuwa mafunzo na uchovu, sheria ikahesabu masaa.

Matokeo yake vijana wanazunguka na ndege ndogo ya injini moja hewa ikiwa tulivu, wanavuta mabango, wanatafuta namba tu. Miji midogo ikapoteza ndege, maana mashirika madogo yalikosa marubani.

#16 MzeeKiwanja

Kijana, pole, najua njaa ya masaa ilivyo. Ila nikusahihishe mambo mawili. La uchovu halikuachwa. Kanuni mpya za mapumziko ya marubani zilianza Januari 2014. Na baada ya Colgan, mashirika ya Marekani hayakupata ajali kubwa ya ndege ya abiria mpaka 29 Januari 2025 pale Washington, na ile iligongana na helikopta ya jeshi. Karibu miaka 16. Familia za Buffalo ndizo zinazoilinda sheria hiyo kila inapotaka kuguswa. Ukiwaambia imezidi, wao wana makaburi.

#17 CPL_Wilson

Mzee, Ulaya wanawaweka vijana wa masaa 200 kwenye Airbus na ajali hazijaongezeka. Hiyo miaka 16 ni ya mambo mengi, huwezi kuipa sheria moja.

#18 Zamu118

Wala huwezi kuinyima.

#19 MjombaWaNzega

Mimi ndege nazionea juu, nitaleta ya ardhini. Mnakumbuka katazo la mabasi kusafiri usiku? Lilidumu karibu miaka 30 mpaka lilipoondolewa 2023. Nia yake ilikuwa njema, kupunguza ajali za usiku.

Nimepanda basi Mwanza hadi Dar miaka hiyo sijui mara ngapi. Safari moja tulichelewa Shinyanga, tairi. Kuanzia Igunga dereva hakuangalia tena barabara peke yake, alikuwa anaangalia na saa. Ikifika saa sita usiku hujafika, unalazwa njiani na abiria wako, na watoto, na kuku, mpaka alfajiri. Kwa hiyo akavuta. Manyoni tuliipita kama jina la kwenye ramani. Kondakta yuko mlangoni anamwambia, "Tutaingia, tutaingia." Mama mmoja nyuma yangu alikuwa anasoma dua kwa sauti toka Dodoma mpaka Gairo. Kulikuwa na sheria ya mwendo na kulikuwa na sheria ya saa sita. Huwezi kuzitii zote mbili kwa umbali ule, na faini inayoonekana haraka ni ya saa sita.

#20 Kibanga2014

Mjomba, umenikumbusha Gairo. Ila taja na upande wa pili: tangu liondolewe, madereva wanaokesha nao wapo. Tumebadilisha hatari, hatujaiondoa.

#21 DukaLaVipuri

Ninyi mnatafuta sababu mbali, za hofu na misiba. Mimi naona ada.

Nina karakana ndogo. Mwaka mmoja wamenijia wakaguzi wa taasisi mbili tofauti, wote kwa mtungi uleule wa kuzimia moto. Wa kwanza akasema niutundike ukutani. Nimetoboa ukuta, nimeutundika. Wa pili akaja baada ya miezi miwili, akasema uko juu mno, mfupi hataufikia. Kila mmoja ana risiti yake. Mtungi ni mmoja na moto utakuwa mmoja. Mimi sikatai kukaguliwa, moto naujua, umeshachoma jirani yangu. Ila ukuta wangu sasa una matundu manne, na nikisikia mkaguzi anakuja siwazi tena moto, nawaza huyu anataka tundu la ngapi.

#22 Ngarawa

DukaLaVipuri, hayo ndiyo niliyotaka kuyasema tangu #1 nikakosa maneno. Mtu anaacha kuogopa moto, anaogopa mkaguzi.

#23 MbebaBoksi

Tuwe wakweli, serikali ililiona. Mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule wa Blueprint wa 2018, ulieleza wazi kwamba taasisi zinaingiliana. Julai 2019 kazi ya chakula na vipodozi ikatolewa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikapelekwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba ikiitwa TMDA. Kwa hiyo kufuta inawezekana.

#24 FundiHanga

Inawezekana, ila upande wetu wa anga tatizo limekaa kinyume. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka kwao. Walichosema hakikuwa kwamba sheria zimezidi au zimepungua. Walizungumzia usimamizi. Kanuni zetu za anga zimefuatana na za ICAO, na nchi za Afrika Mashariki zina CASSOA, wakala wao wa usalama wa anga, pale Entebbe ya kuzioanisha. Makaratasi yapo. Anayeyasimamia mmoja mmoja, kwenye hanga, na tochi mkononi, ndiye adimu.

Na hapo naungana na Ngarawa nusu. Karakana ikitaka kuhudumia ndege za nchi tatu inahitaji idhini ya mamlaka tatu. Boliti ni ileile na kipimo cha kuikaza ni kilekile, lakini fomu ni tatu. Saa ninayotumia kuandika mara ya tatu nimeitoa kwenye kutazama boliti.

#25 MamaNaila

Samahanini kwa kuingilia, nimesoma uzi wote nikiwa nanyonyesha. Swali la kawaida tu. Mwezi ujao natoka Dar kwenda Mwanza na mwanangu wa miezi 14. Sisi watu wazima tunafungwa mikanda, mpaka kikombe cha chai kinakusanywa wakati wa kutua. Mtoto napakata kwa mikono yangu. Hiyo sheria imesahaulika?

#26 BintiPemba

Haijasahaulika dada. Imekataliwa kwa makusudi, na ndiyo ninayobishana nayo moyoni kuliko zote.

Julai 1989 United 232 ilipata hitilafu, ikaanguka ikijaribu kutua Sioux City, Marekani. Ndani walikuwemo watoto wanne wa kupakatwa. Utaratibu wakati ule ulikuwa kuwalaza sakafuni, katikati ya miguu ya mzazi. Mmoja wao alikufa. Mkuu wa wahudumu wa safari ile alitumia miaka mingi kudai kila mtoto awe na kiti chake. Wachunguzi wa ajali walimuunga mkono. Mwaka 2005 FAA ikasema haitaweka sheria hiyo. Walipiga hesabu hivi: ukimlazimisha mzazi anunue kiti cha ziada, wengine watashindwa, watakwenda kwa gari, na barabarani watoto wengi zaidi watakufa kuliko hao ambao kiti kingewaokoa.

#27 MjombaWaNzega

Hesabu hiyo mtu wa Nzega anaielewa bila kalamu. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100.

#28 MamaNaila

Nimeelewa. Kwa hiyo watoto wa wenzangu wapo salama kwa sababu wa kwangu nampakata? Sijui kama napenda kuelezwa hivyo.

#29 Zamu118

Na wala si lazima uipende. Hesabu ya Marekani ilitegemea bei zao na barabara zao, sisi hakuna aliyetupigia ya kwetu.

#30 BintiPemba

MamaNaila, sheria kukuruhusu kumpakata haikuzuii kumnunulia kiti. Piga simu shirika kabla, waulize kama wanakubali kiti cha mtoto cha gari, na uwaambie upana wake. Ukishindwa gharama, omba ule mkanda mdogo unaoungwa kwenye wa kwako kama wanautumia, maana si kila nchi inaukubali. Usimfunge ndani ya mkanda wako mwenyewe, hata ukimwona mwenzako anafanya hivyo. Ndege ikisimama ghafla wewe ndiye utakayembana.

#31 MamaNaila

Asante dada. Kiti cha gari ninacho, upana sentimita 44. Nawapigia kesho asubuhi.

#32 FundiHanga

Sentimita 44 ni nyingi kwa viti vya daraja la kawaida kwenye ndege ndogo. Wakutajie aina ya ndege kwanza, usikubali jibu la "kitaingia tu".